Kikohozi cha Mama Ndani ya Gemu ya Dhahabu

Nilikuwa gulioni Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, nimekaa chini kando ya vyungu vya dada yangu, nikamsikia mama yangu anakohoa. Mama yangu tulishamzika. Kaburi lake liko Ikombe, kijiji chetu cha wafinyanzi, nyuma ya miamba, na mimi mwenyewe nilishika jembe siku ile. Kwa hiyo sikugeuka upesi. Nilijiambia ni jua. Ikaja tena: mlio wa chungu kinachogongwa kwa kiungo cha kidole, halafu kikohozi kifupi pembeni, kile cha mtu aliyevuta moshi wa kuchomea vyungu maisha yake yote.

Nikageuka. Mama Neema, jirani yetu anayeuza usipa, dagaa wa ziwani, alikuwa ameinamia simu.

"Mama Neema, unacheza nini?"

"Masanduku ya dhahabu, dada. Unayapanga kwenye meli. Kabla hujapanga unagonga kila moja kwa kidole ujue kama ni zima. Nimefika mbali mimi, usinione hivi."

"Gonga tena."

"Nikigonga hovyo nafasi zinaisha, halafu wananikalisha nitazame tangazo la sabuni. Mimi na sabuni wapi na wapi, nanuka usipa."

"Gonga. Nitakupa chungu."

Akanitazama, akaona sitanii. Akagonga sanduku kwenye kioo cha simu. Mama akakohoa.

Dada yangu aliacha kuchomeka majani kati ya vyungu. Alisema tu, "Huyo ni mama," akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Naandika haya kwa sababu vijana wa Ipinda na Kyela wanaoniita Dada Tuse wananiuliza swali moja kila wanaponiona: eti gemu za siku hizi zimeishiwa ubunifu, au ni sisi wakubwa tunaona ya zamani tu ndiyo mazuri? Mimi Tusekile nimeishia darasa la saba, lakini nimefanya kazi ya gemu tangu ya kaseti mpaka ya simu. Nina haki ya kujibu. Ila jibu langu lina jina la mtu ndani yake, na ili mlielewe lazima nianze siku niliyoanza kazi.

Siku hiyo niliingia kwenye banda la Mzee Anyosisye, Ipinda, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Tulimwita Mwenye Banda. Alikuwa na runinga mbili, jenereta moja, na mashine ya gemu aliyoivusha kutoka kwa shemeji zake Malawi ndani ya gunia. Nilikuwa nimetoroka udongo. Mama alitaka nifinyange kama yeye na bibi, mimi nilitaka kazi ambayo nikimaliza mikono inakuwa safi.

"Mugonile, baba," nikamwamkia.

"Ugonile. Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Ulifaulu?"

"Ningefaulu nisingekuwa hapa, baba."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Basi unafaa. Wanaofaulu wananiharibia kaseti, kila kitu wanataka kufuata maelekezo."

Kaseti, kwa nyie msioziona, ilikuwa boksi dogo la plastiki lenye gemu ndani. Unaichomeka juu ya mashine. Isiposoma, kila mtu duniani anaipuliza kwa mdomo, nami nilipuliza siku ile ya kwanza. Mwenye Banda alinipiga kikofi cha mkono.

"Unaitemea mate, we mwana. Mate yanaleta kutu kwenye meno." Meno ni vile vipande vya shaba vinavyogusana na mashine. Alinipa kitambaa cha kitenge na spiriti kidogo. "Unafuta taratibu. Halafu unasubiri. Gemu haina haraka, wewe ndiye mwenye haraka."

Na mimi niseme kweli hapa, maana wengi wa rika langu wanadanganya. Hata zamani watu walinakili. Tulikuwa na kaseti moja imeandikwa gemu elfu moja. Nilizipitia zote, maana asubuhi hakukuwa na wateja. Baada ya kama ishirini nikaona ndege yuleyule, sasa mwekundu. Mbele kidogo, yuleyule, kijani.

"Baba, hii ni ile ya mwanzo. Wamembadilisha ndege rangi."

"Nyamaza. Wateja hawajafika huko."

Walikuwa wamefika siku nyingi. Wakulima wa Bujonde waliokuja kukoboa mpunga walilijua hilo kabla yangu, na walikuwa wakitaniana: "Nipe ya ndege wa kijani, huyu mwekundu amenichoka."

Lakini ndani ya zile ishirini kulikuwa na gemu ambayo ukiiwasha hujui kitu. Hujui adui ni nani, hujui mlango uko wapi, kitufe hiki kinafanya nini. Niliwaona wazee wenye ng'ombe na wake watatu wamekaa kwenye benchi la Mwenye Banda wanababaika kama wanaanza kutembea, na wanafurahi. Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na sijakibadilisha. Gemu mpya ni ile inayokufanya mjinga tena. Ikikuta tayari unajua, basi ni ya zamani, hata kama imetoka jana.

Mwenye Banda alipouza mashine zake nilihamia Kyela mjini, chini ya Meneja. Huyu alikuwa mama mmoja wa kanisani aliyeamini kila kitu kinachong'aa. Alikuwa na mashine za sahani, yaani diski, na watu walitaka mpira tu. Mwaka mpya, sahani mpya ya mpira. Ukiicheza, ni ileile, wachezaji wamebadilishiwa jezi. Pale ndipo nilipojifunza neno kuvalisha. Kuvalisha ni kuchukua gemu inayotembea tayari, mifupa yake yote, ukaivika nguo nyingine na jina lingine. Wala Meneja hakuona ubaya.

"Tuse, hata mimi kila Jumapili ni mimi yuleyule. Nabadilisha kitenge tu, na watu wanasema nimependeza."

Mpaka leo nampenda kwa maneno yale.

Simu zikaja, banda likafa. Nilikaa miezi natengeneza pedi za kuchezea gemu zisizo na mtu wa kuzishika. Ndipo akaja Mkurugenzi. Jina lake ni Ezekia Kalindu, na naliandika kamili ili asije akasema ni mwingine. Alikuwa na kampuni ndogo ya gemu za simu kule Mbeya. Alikuja Kyela kwa sababu alitaka watu wa kujaribu gemu zake kwenye simu za bei rahisi, zile zinazopata moto na kuganda. Akapanga chumba nyuma ya soko, akaniajiri kuwa mjaribu. Kazi ya mjaribu ni kuharibu. Unabonyeza pasipobonyezwa, unazima simu katikati ya mchezo, unaicheza gemu kama mlevi, kama mwenye hasira, kama mtoto. Kila inapojikwaa unaandika: nimefanya hivi, imefanya hivi.

Mtanisamehe, Ezekia wa siku zile nilimpenda. Alikuja na mkate, akakaa sakafuni pamoja nasi, macho yanawaka.

"Dada Tuse, siku moja tutatengeneza kitu ambacho hakuna mtu duniani amekitengeneza. Nakwambia. Kutoka hapa hapa kwenye mbu."

Aliamini. Sisemi alikuwa mwongo tangu mwanzo. Alikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja wa kuwalisha, na waliompa mtaji walikuwa wanampigia simu kila Ijumaa kumuuliza kwa nini gemu zake hazifanani na zile zinazopendwa. Mtu akiulizwa hivyo Ijumaa nyingi mfululizo, anachakaa.

Katika chumba kile tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Gwakisa, fundi wa programu, yaani yule anayeandika maagizo yanayoifanya gemu itembee. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, mpole, mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu. Siku moja tulikwenda naye Lyulilo kumsalimia mama gulioni, akaona mitumbwi inafika kutoka Ikombe imejaa vyungu. Alisimama pale mpaka jua likamchoma shingo.

"Dada, wanapangaje vile visipasuke?"

Nikamweleza kama mama alivyonieleza. Vikubwa chini, midomo imeangalia chini, nyasi kavu katikati. Kabla ya kupanga unagonga kila chungu kwa kiungo cha kidole. Kizima kinalia, kilichopasuka kinanyamaza. Na wazee walivibadilisha kwa ujazo wake: mkulima anakijaza chungu mpunga mara moja, mpunga unabaki kwa mfinyanzi, chungu kinakwenda na mkulima. Kwa hiyo kikubwa kinaleta mpunga mwingi, lakini ndicho kinachozamisha mtumbwi upepo wa kusini ukiamka.

Gwakisa akaacha kutafuna kifuniko. "Hii ni gemu," akasema. "Hii tayari ni gemu, dada. Nani aliwatengenezea?"

Aliiandika msimu mzima wa mvua, baada ya saa za kazi. Akaiita Mtumbwi wa Vyungu. Ndani yake hakuna sarafu hata moja. Hakuna adui. Kuna chungu, nyasi, upepo, na uamuzi wako. Sauti tulizichukua kwa mama. Alikaa mlangoni kwake, Gwakisa akaweka simu juu ya kinu, mama akagonga vyungu kimoja kimoja. Kwenye kile kikubwa akakohoa.

"Futa hicho, mwanangu," mama akasema. "Nimeharibu."

"Hapana, mama. Kitakaa. Kinafanya ionekane kuna mtu."

"Watu watacheka."

"Wacha wacheke, mama. Ndaga fijo, asante sana."

Mimi ndiye niliyeijaribu. Mtumbwi wa kwanza niliuzamisha. Wa pili pia. Mimi, binti wa mfinyanzi, nilikuwa mjinga tena, na mara ya mwisho nilikuwa hivyo kwenye benchi la Mwenye Banda.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana sitaki kutaja la mwenzangu bila kutaja langu. Gwakisa aliniuliza, "Dada, mwanzoni tuandike majina yetu? Yangu, lako, la mama?" Nikamcheka. Nikamwambia mama yangu hajawahi kuandika jina kwenye chungu. Ikombe hakuna anayeandika. Chungu kikifika gulioni, wanawake wanapitisha kidole kwenye mdomo wake na wanasema, hiki cha fulani. Mkono unajulikana. Nikamwambia anayejua atajua. Naye, kwa kuniheshimu, akaacha.

Tukampelekea Mkurugenzi. Aliicheza mbele yetu, akazamisha mtumbwi mara tatu, na nilimwona anatabasamu. Halafu simu yake ikaita. Ilikuwa Ijumaa. Alipomaliza kuongea alikuwa mtu mwingine.

"Nzuri. Lakini nani huko Dar anajua chungu? Sarafu ziko wapi? Mchezaji akikwama analazimishwa kununua nini?"

"Akikwama anafikiri, bosi," Gwakisa akasema.

"Akifikiri anafunga simu. Niachie faili, niangalie Mbeya."

Tukamwachia. Miezi ikapita, tukaambiwa haifai. Gwakisa akaacha kazi, akaiweka Mtumbwi wa Vyungu mwenyewe kwenye duka la mtandaoni, watu waipakue bure. Haikukaa. Kampuni ililalamika ikaondolewa, na Ezekia alimwandikia kila mfanyakazi kwamba Gwakisa ameiba gemu ya kampuni iliyoko njiani, inayoitwa Dhahabu ya Ziwa, akaibandika vyungu. Yaani yeye ndiye aliyenakiliwa.

Tuliitwa Mbeya, kwenye chumba chenye meza ndefu. Dhahabu ya Ziwa sikuwa nimeiona, ilijaribiwa na wengine hukohuko. Ezekia hakunipigia kelele. Aliniuliza kwa upole.

"Dada Tuse, wewe ni mkweli. Humo ndani ya gemu ya Gwakisa kuna jina lake mahali popote?"

"Hakuna."

"Lako?"

"Hakuna."

"Je, haiwezekani watu wawili wakawaza kitu kimoja?"

Nikanyamaza. Ningeweza kusema wazo lile lilishuka kutoka kwenye mtumbwi wa Ikombe mbele ya macho yangu. Lakini mama alikuwa mgonjwa, kazi ndiyo ilikuwa ile, na nilijiambia, huenda kweli, watu wawili wanaweza kuwaza kitu kimoja. Gwakisa alikuwa amekaa mkono wangu wa kulia. Hakunitazama. Alitoka na neno mwizi mgongoni, na mji wa Kyela ni mdogo. Mtu akitaka fundi wa simu akitajiwa yeye, mwingine anasema, "Yule wa gemu ya wizi?" Mwishowe alivuka mpaka wa Kasumulu na familia yake, sasa anauza vitenge Karonga, Malawi, kwenye duka la shemeji yake. Kompyuta aliigawa.

Mimi nilibaki mwaka mmoja zaidi. Nilijaribu gemu ya pipi, ya matunda, ya vito. Zote zilikuwa moja. Unapanga vitatu vinapasuka. Kwenye daftari langu la makosa niliandika siku moja, "Nimeshacheza hii," msimamizi akanijibu, hilo si kosa la kiufundi. Baadaye wakapata programu inayobonyeza yenyewe, chumba cha Kyela kikafungwa. Nikarudi Bujonde, nilikoolewa, kwenye mikakao ya marehemu mume wangu. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hakuna aliyenipa mkono.

Ningekaa hivyo mpaka mwisho, na ile huenda-kweli yangu imenituliza, kama nisingekwenda Lyulilo kumsaidia dada yangu siku ile. Niliazima simu ya Mama Neema nikaicheza gemu yake, Dhahabu ya Ziwa. Masanduku makubwa yanakwenda chini. Katikati mnawekwa majani. Nani anaweka majani katikati ya masanduku ya dhahabu? Upepo unatoka kusini. Na ukigonga, sanduku la mbao linalia kama udongo uliokolea moto. Mbao haiwezi kulia hivyo, muulizeni fundi seremala yeyote. Walibadilisha nguo, wakasahau sauti. Kwenye sanduku kubwa, mama anakohoa, kikohozi kilekile alichotaka kifutwe.

Nilimpigia Ezekia. Alipokea.

"Dada Tuse. Habari za siku."

"Nimemsikia mama yangu kwenye simu ya muuza usipa."

Akasema, kwa sauti ya yule wa zamani aliyekuja na mkate, "Nilidhani walishaiondoa ile sauti." Akakata. Tangu hapo hapokei.

Kwa hiyo vijana, jibu lenu ni hili. Gemu hazijaishiwa ubunifu, na nyie wachezaji msijione wajinga. Mama Neema hana kosa, anafurahia akili ya Gwakisa bila kujua. Ubunifu upo. Unazaliwa kwenye vyumba vya mbu, unafikishwa kwenye meza ndefu, unavuliwa vyungu unavikwa dhahabu, halafu mnauziwa mkiambiwa watengenezaji hawana jipya. Mkiona gemu mbili zinafanana msiulize tu ipi imenakili. Ulizeni nani alinyamaza. Mara nyingine atakuwa mtu kama mimi.

Mimi nimekwisha kwenda Karonga. Gwakisa alinikaribisha ugali na samaki, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua, dada. Niliisikia mwezi uleule ilipotoka." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ni mama yako. Niliona uchungu kukupelekea habari ile." Halafu akauliza kama dada yangu bado anafinyanga. Hakutaja wizi. Anayetaja ni mimi.

Ezekia Kalindu, sikuombi kitu cha mfukoni. Nataka uje Lyulilo siku ya gulio, saa mitumbwi inapofika. Dada yangu atakuwepo, wafinyanzi wa Ikombe watakuwepo, nitamwita Gwakisa avuke. Washa gemu yako mbele yao, nenda kwenye lile sanduku kubwa, uligonge. Halafu ujibu, kwa mdomo wako, watu wasikie: anayekohoa ni nani, na nani alimweka mle?